Besi Iliyobaki kwa Mwenye Vyombo

Napiga besi kwenye harusi hapa Kibiti. Juzi Kariakoo nililinganisha mbili: mpya, nyepesi, sauti nyembamba, na ya mtumba, shingo pana, uzi mnene ukiunguruma hadi kifuani. Nikachukua ya mtumba.

Wazee wa dansi hawakuwa na uchaguzi huo. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Vyombo vya chama, mpigaji mwajiriwa. Mlimani Park nayo, 1978, ilianzia chini ya kampuni ya usafiri na teksi. Mwanamuziki akihama, aliondoka na vidole vyake tu. Hata hivyo besi zao ziliimba, na mimi bado nazifuata kwa redio, noti kwa noti.

Ya kwangu nimeinunua kwa jasho langu.