Injini Husukwa, Haijengwi Upya

Nimeletewa orodha ya istilahi za ufundi wa magari iliyoandaliwa kwa ajili ya vijana wanaosomea umakanika. Kamati iliyoiandaa sitaitaja. Nimeisoma yote, na mengi yaliyomo nayakubali, lakini mawili yamenikwama kooni. Kazi ya kufungua injini iliyochoka, kuipima, kuitia vipuri vipya na kuifunga tena imepewa jina la "ujenzi upya wa injini". Kazi ya kutoa injini ya aina moja garini na kuweka ya aina nyingine imeitwa "ubadilishanaji wa injini". La kwanza ni zito mdomoni na halisemi kweli. La pili ni kosa la sarufi, nalo likishagongwa muhuri litafundishwa darasani, na mwanafunzi atakayesema vizuri ndiye atakayesahihishwa.

Nianze na hilo la pili, maana halina safari ndefu. Kiambishi -an- kinataka wawili watendeane. Wanaopigana kila mmoja anapiga na kupigwa; wanaobadilishana nguo kila mmoja huondoka na nguo ya mwenzake. Sasa hapa Momela, kwenye miteremko ya Meru, ipo Land Rover Defender 110 iliyotoka kiwandani na injini ya 300Tdi, silinda nne, lita mbili na nusu. Mwenye nayo aliichoka. Akanunua injini ya Toyota, 1HZ ya silinda sita, iliyotolewa kwenye Land Cruiser iliyopinduka ikapinda chesesi, akaiweka uani kwake akisaidiwa na wanawe. Naiuliza kamati: hapo nani kabadilishana na nani? Land Cruiser ile haikupokea kitu. Ilikatwakatwa ikauzwa chuma chakavu. Waandaaji walifungua kamusi, wakaona neno la Kiingereza, swap, lina maana ya kupeana hiki kwa kile, wakaandika walichokiona. Uani hawakufika.

Wapo wanaosema basi tuite "kubadilisha injini", yaishe. Hayaishi. Anayetoa 1HZ mbovu na kuweka 1HZ nzima amebadilisha injini. Giaboksi hajaigusa, mauntingi ni zilezile. Yule wa Defender alichomelea mauntingi nyingine kwenye chesesi, akachongesha sahani ya chuma ya kuunganisha injini ya Mjapani na giaboksi ya Mwingereza, akasogeza rejeta mbele kwa kuwa silinda sita zilizopangwa mstari mmoja ni ndefu kuliko nne, akatengeneza ekzosi mpya na kupitisha waya upya. Hata kwenye kadi ya gari kazi hizi hazilingani: wa kwanza anarekebisha namba ya injini tu, wa pili anarekebisha namba na ujazo. Kuyapa mambo haya jina moja ni kumnyima fundi haki ya kudai malipo ya kazi aliyoifanya.

Neno lipo na lina umri: kupandikiza. Shina lake ni -panda, lile la mbegu. Ila anayepanda hutia mbegu ardhini. Anayepandikiza huchukua kitu kilichokwisha kuota mahali pake na kukihamishia mahali pengine, kwa mategemeo kwamba kitashika. Wakulima wa mpunga hulisema, na wakulima wa kahawa wa miteremko hii ya Meru wanaijua kazi yake tangu zamani. Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipopandikiza figo kwa mara ya kwanza, magazeti yaliandika "kupandikiza" na msomaji akaelewa. Ndani ya neno hilo imo pia hofu inayostahili kuwamo, kwamba kilichopandikizwa kinaweza kukataliwa. Defender yenye injini pandikizi inaweza kutembea vizuri hadi Arusha mjini, kisha ikachemsha siku ya kwanza inapopanda kutoka Usa River na mzigo. Fundi aliyesikia neno "kupandikiza" tangu mwanzo amekwisha kuonywa.

Hayo yatosha kwa hilo. Neno ninaloliandikia makala hii ni kusuka.

Tembea mtaa wa Unga Limited, Arusha mjini, ingia gereji kubwa na gereji bubu, utasikia: "Mzee, hii injini ilishasukwa?" Nao mafundi umeme tangu siku nyingi husuka mota na dinamo, maana yake kuondoa waya wa shaba ulioungua na kuzungusha mwingine. Mafundi injini wakalichukua, wakalipeleka kwenye chuma. Ninachofanya mimi ni kuliongezea jina linalotokana nalo, na jina hilo ninalitetea kwa moyo wote: msuko. Injini ya msuko wa kwanza, injini ya msuko wa pili. Msuko wa juu ni pale hedi peke yake inapofunguliwa, valvu zikasagwa na gaskiti ikabadilishwa. Msuko mzima ni pale krenki inapotoka na silinda kuchongwa. Nionyesheni "ujenzi upya" unavyoweza kugawanyika hivyo. "Ujenzi upya wa juu"? "Ujenzi upya wa pili wa injini"? Ulimi unagoma kabla ya kufika mwisho.

Mpinzani wangu mmoja, mtu wa vitabu ninayemheshimu, ameniandikia kwamba kusuka ni kwa nywele, mikeka na vikapu, na kwamba katika injini hamna uzi. Nimemsoma kwa makini. Nina majibu, na la kwanza linatoka kwa hao hao Waingereza anaowatafsiri.

Neno lao, hili ambalo mafundi wetu wamelifanya "ovaholi", halikuzaliwa kwenye chuma. Lilikuwa la mabaharia. Kamba ya kapi ikikazana hadi makapi yakagusana, baharia aliivuta kinyume ikalegea, ikapata nafasi ya kufanya kazi tena. Ndiyo maana ya kwanza. Baadaye likawa kukagua chombo kizima, kamba kwa kamba, na mwishowe, meli zilipopata mashine za mvuke, likashuka chini hadi kwenye mashine. Kwa hiyo Mwingereza alitoa jina la kazi hii kwenye kamba, na hakuna aliyemwambia kwamba ndani ya injini hamna kamba. Sisi wenye henza, jarari na gofia za majahazi yetu, sisi wenye ukili na kamba za usumba, ndio tunaoambiwa neno la uzi halifai! Na injini yenyewe, ukifuata jina lake kupitia Kifaransa cha kale hadi Kilatini, unaifikia ingenium, akili ambayo mtu huzaliwa nayo. Haikuanza na chuma wala mafuta.

Jibu la pili ni lugha yetu wenyewe. Kiswahili husuka mipango na husuka njama, na hakuna aliyetafuta uzi ndani ya njama. Kiini cha kitenzi hiki ni mpangilio ambao kila sehemu inashikwa na nyingine, hata ukikosea mstari mmoja huna dawa ila kufumua mpaka hapo na kuanza tena. Kufumua nako tazama lilivyoundwa: -fuma, -fumua, sawa na -funga, -fungua na -ziba, -zibua. Kitendo na kinyume chake vimezaliwa pamoja. Fundi anafumua injini, kisha anaisuka. Jenga haina ndugu wa namna hiyo anayesikika gerejini. Mwenye kujenga akitaka kurudi nyuma, inambidi abomoe, na injini haibomolewi. Kila nati iliyotoka inawekwa kwenye kopo lake ikisubiri kurudi.

Jibu la tatu ni la macho. Nilikaa juzi karibu na fundi kijana, chini ya mgrevilea, akifunga 300Tdi iliyotoka kwa mchongaji. Pistoni ilikuwa mkononi mwake. Alikuwa akivisha ringi, na kila ringi ina mwanya mdogo pale ncha zake mbili zinapokutana. Alizungusha ya kwanza mwanya ukaangalia upande mmoja, ya pili akaipeleka upande mwingine, na ya oili akaipa upande wake. Mianya ikilala mstari mmoja, moto unapata njia ya kushuka na oili inapata njia ya kupanda, injini ikaanza kutoa moshi wa buluu kabla haijafika getini. Kisha konrodi: kofia ya namba moja hurudi kwa konrodi namba moja, na alama zitazame upande mmoja. Alipofika kwenye hedi hakukaza boliti kwa kufuata ukingo. Alianza katikati, akavuka kushoto, akavuka kulia, akaenda nje kwa kupishanisha. Na injini hiyo ikiwaka, silinda zake hazifyatui kwa mstari. Moja, tatu, nne, mbili. Kwenye 1HZ ni moja, nne, mbili, sita, tatu, tano. Juu, chini, ruka, rudi. Yeyote aliyemwona bibi yake akisuka ukili wa miyaa anaujua mwendo huo. Nani atatazama hayo yote kisha aseme "ujenzi"?

Tena "upya" ni uongo unaopimika. 1HZ hutoka kiwandani na silinda zenye kipenyo cha milimita 94, na pistoni inakwenda milimita 100. Zidisha kwa silinda sita upate sentimita za ujazo 4,164. Silinda zikilika, mchongaji anazipanua hadi 94.50 ili zipokee pistoni kubwa zaidi. Piga hesabu tena: 4,208. Injini iliyorudi garini ni kubwa kuliko iliyotoka, na nyama ya bloku imepungua, kwa hiyo haiwezi kuchongwa bila kikomo. Haijawa mpya. Ni ileile, ya msuko wa kwanza, na mnunuzi ana haki ya kuambiwa hivyo. Ndiyo sababu matangazo yetu ya magari husema "injini haijafunguliwa". Muuzaji anajua ulizo la mteja liko hapo hapo, na "ujenzi upya" unampa pa kujificha.

Hapa Momela suala hili si la kitabuni. Barabara ya kutoka Usa River kwenda Ngare Nanyuki inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na vumbi lake ni la volkano, laini, lenye punje kali kuliko linavyoonekana. Chujio la hewa likiwa na upenyo mdogo tu, vumbi hilo hufika kwenye silinda na kusaga ringi. Kwa hiyo injini husukwa sana huku, na husukwa nyumbani, kwa cheni bloku iliyofungwa kwenye tawi au kwenye boriti. Lugha ya kazi hiyo ipo, imekamilika, na ina mantiki yake. Fundi husema "kushusha injini" hata kama macho yanaiona ikipaa juu kwa mnyororo, kwa sababu katika fikra zake gari limeibeba, na kilichobebwa hushushwa. Ikirudi, "imepandishwa". Hakuna mwanakamati angebuni jozi hiyo, na hakuna mwanakamati aliyeiandika pia. Orodha inasema "uondoaji" na "urejeshaji".

Tazameni mkonga. Bomba la hewa linalopanda ubavuni mwa Land Cruiser lilikuja bila jina la Kiswahili. Watu wakalitazama, wakaliita mkonga, na jina likapanda hadi likawa la gari zima. Leo Mtanzania akisema anatafuta "mkonga" muuzaji anajua ni Land Cruiser gani. Halikupita kwenye kikao. Nalo jina la filamu ya Howard Hawks iliyotoka mwaka 1962, ambayo sehemu yake ilipigwa papa hapa Momela, liliwekwa kwa Kiswahili: Hatari! Wageni walilipeleka kwenye majumba ya sinema ya dunia lilivyo, wala hawakuliundia tafsiri. Sisi tunaona haya kulipeleka neno la Unga Limited umbali wa darasani.

Sisemi istilahi zisiundwe. Rajmund Ohly alipotoa kamusi yake ya awali ya istilahi za ufundi mwaka 1987, 1HZ haikuwa imezaliwa. Ilikuja mwaka 1990. Mitambo itaendelea kuja, na majina yatahitajika. Ninachodai ni utaratibu: kwanza usikilize gerejini, kisha uulize kwa nini wanasema hivyo, na kalamu ifuate. Orodha hii ilianza na kalamu.

Matumizi, kwa kifupi: injini husukwa, kazi yenyewe ni usukaji na tokeo lake ni msuko, wa juu au mzima, wa kwanza au wa pili. Kubadilisha ni kwa injini ya aina ileile, kupandikiza ni kwa aina nyingine, na kubadilishana kuachiwe wenye magari mawili walioamua kupeana injini, kama wapo. Nimeambiwa orodha itachapishwa tena. Marekebisho yangu nimeyapeleka kwa maandishi, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na swali kuhusu konrodi, ambayo wameiita "fimbo unganishi".