Jinsi ya kupima mkono wa mtoto wako nyumbani

Macho hudanganya. Mtoto mwenye uvimbe huonekana amenona, na aliyezaliwa na umbo dogo hudhaniwa mgonjwa. Ndiyo maana wahudumu wa afya ya jamii hutumia utepe wa rangi tatu, na wewe mzazi unaweza kuutumia hata kama hujui kusoma.

Pima mtoto wa miezi 6 hadi kabla hajatimiza miaka 5. Mvue nguo mkono wa kushoto. Ukunje kwenye kiwiko, tafuta ncha ya bega na ncha ya kiwiko, kisha weka alama katikati kwa kalamu au mkaa. Sasa unyooshe, uning'inie umelegea, uzungushe utepe penye alama. Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Ukivuta mpaka ngozi ikunjamane, mtoto atasomeka mwembamba kuliko alivyo. Ukiuacha mlegevu, aliye hatarini atapita. Uguse ngozi pande zote bila kubana. Akilia na kukaza mkono, mbembeleze kwanza.

Kijani ni sentimita 12.5 na kuendelea. Njano, kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5, ni utapiamlo wa wastani: mpeleke kituoni wiki hii. Nyekundu, chini ya 11.5, ni utapiamlo mkali. Nenda leo, usisubiri siku ya mgao. Watapima upya huko, na ukiwa umekosea hakuna hasara.

Kisha angalia miguu. Bonyeza kwa vidole gumba juu ya nyayo zote mbili kwa sekunde 3. Shimo likibaki miguu yote miwili, hiyo ni hatari hata kama utepe unaonyesha kijani. Wakongomani wengi wanaijua kwa jina la bwaki. Si uchawi, wala si adhabu ya mama aliyepata mimba tena.

Huna utepe? Omba kwa mhudumu wa mtaa wako, au tumia futi ya fundi cherehani yenye sentimita. Rudia kila mwezi, na mapema zaidi mtoto akitoka kuharisha au kuugua surua.

Akipewa chakula tiba cha pakiti, ni dawa yake peke yake. Tunajua ndugu zake nao wana njaa, lakini pakiti ikigawanywa, mgonjwa hatapona.