Neti ya mbu ilivyoingia chumba cha upasuaji

Januari 2016 Songwe ilimegwa kutoka Mbeya ikawa mkoa unaojitegemea, na kuanzia Vwawa hadi Tunduma hakuna asiyelikumbuka hilo. Mwezi huohuo, jarida la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha habari ambayo huku kwetu haikupigiwa ngoma. Wanaume 302 wa mashariki mwa Uganda walipasuliwa ngiri. Kundi moja liliwekewa wavu wa kitabibu wa kiwandani, jingine kipande cha kitambaa cha neti ya mbu. Baada ya mwaka, ngiri ilikuwa imemrudia mtu mmoja tu katika kundi la neti, na hakuna hata mmoja katika kundi la wavu wa kiwandani. Wavu wa kiwandani uligharimu zaidi ya dola 100. Kipande cha neti hakikufika dola moja.

Miaka 10 imepita, na hapa Mbozi Mission, mkoani Songwe, habari hiyo inatuhusu kuliko watu wengi wanavyodhani. Hii ni nchi ya kahawa na mahindi, na mizigo inabebwa mgongoni na kichwani. Mwanamume mwenye ngiri huificha hadi ashindwe kulima. Wamisionari wa Kimoravia walifika Rungwe mwaka 1891, wakasogea Mbozi miaka michache baadaye, na tangu zama hizo kanisa na tiba vimekuwa majirani.

Upasuaji wenyewe una historia ndefu. Mwitaliano Edoardo Bassini alianza kushona ngiri kwa mtindo wake katika miaka ya 1880, akivuta misuli na kuikaza kwa uzi. Karne moja baadaye, Irving Lichtenstein wa Los Angeles akaonyesha kwamba wavu unaoshikilia nyama bila kuivuta hufanya kazi vizuri zaidi.

Lakini kisa cha kusimuliwa ni cha joto.

Mwaka 1958 Francis Usher, daktari mpasuaji wa Houston, alitangaza wavu wa plastiki ya polithini. Ulikuwa mwepesi na imara, ila haukuhimili otoklevu, ile sufuria kubwa ya mvuke wenye shinikizo inayoua vijidudu. Miaka michache baadaye akahamia polipropilini, ambayo huyeyuka kwenye joto kubwa zaidi. Hadi leo nyavu nyingi za hospitali ni za polipropilini.

Mwaka 2003 Ravindranath Tongaonkar na wenzake wa India walichapisha matokeo ya kutumia kitambaa cha neti, na tatizo la Usher likarudi pale pale. Otoklevu nyingi zina mipangilio miwili: nyuzi 121, au 134 kwa dakika chache. Polithini ya neti huanza kuyeyuka karibu kabisa na hiyo 121. Ukiiweka kwenye 134 inajikunja na vitundu vinaziba, na vitundu ndivyo vinavyoufanya wavu uwe na maana, kwa sababu nyama hukua ikipita humo na kuushika. Njia nyingine ya kuua vijidudu, gesi ya ethilini oksidi, haichomi plastiki, lakini inataka mashine yake na muda mrefu wa kupunga hewa, maana mabaki yake ni sumu. Mionzi ya gama inataka kiwanda. Hospitali ya wilaya ina mvuke.

Andrew Kingsnorth, Mwingereza aliyeanzisha shirika la Operation Hernia lililoanzia kazi yake Ghana mwaka 2005, alilishughulikia jambo hili na mwenzake Brian Stephenson katika makala ya 2011 kuhusu usalama na utakasaji wa neti. Watafiti wa jaribio la Uganda, Jenny Löfgren wa Sweden na Alphonsus Matovu wakiwemo, walitumia nyuzi 121, na kitambaa kikatoka salama. Kwa muuguzi wa chumba cha upasuaji hii ndiyo kazi yenyewe. Utepe wa pakiti ukigeuka mweusi unamwambia kwamba pakiti imepitiwa na joto. Haumwambii kama limezidi. Lazima mtu akitazame kitambaa kabla ya kukikabidhi.

Wapo waliokasirika: kwa nini Mwafrika awekewe neti ya mbu tumboni? Hasira hiyo naielewa, ila naona imeelekezwa pasipostahili. Mwenye kulaumiwa ni bei ya wavu wa kiwandani, iliyowaacha watu wetu na kushonwa kwa uzi tu. Neti ya kitandani, hata hivyo, ina dawa ya kuua mbu. Hiyo isikatwe kamwe kwa kazi hii.

Mwaka 2018 mwongozo wa kimataifa wa ngiri uliutambua wavu wa bei nafuu kuwa mbadala unaokubalika penye uhaba. Tangu 2003 kiwanda cha A to Z, Arusha, kinatengeneza neti za polithini kwa mamilioni. Kitambaa kisicho na dawa kingeweza kufumwa hapa hapa nchini, kikapimwa, kikaandikwa “121” kwa tarakimu kubwa kwenye pakiti, kisha Bohari ya Dawa ikakipeleka hospitali za Vwawa, Isoko na Mbozi Mission pamoja na glovu na nyuzi za kushonea.