Bustani ya Paka ya Sultani Baybars na Kiroba Chetu



Ndugu zangu katika imani, leo tuzungumze juu ya paka. Usicheke ukapita. Soma mpaka mwisho, maana ndani yake mna habari ya wakfu na amana, na ya kile kiroba unachokijua.

Huku kwetu Wazo, kuanzia Tegeta mpaka Bunju, ada ni ile ile. Paka akizaa, au mpangaji akihama, vitoto vinatiwa kirobani na kupelekwa usiku sokoni au kando ya ukuta wa msikiti. Anayetupa hujiliwaza moyoni kuwa pale hawatakosa wa kuwahurumia. Je, ametua mzigo, au amemtwika mwingine? Sikiliza historia.

Misri ilitawaliwa na Sultani al-Dhahir Baybars kuanzia mwaka 1260 hadi 1277. Ni mtu wa vita: alipigana na Wamongolia pale Ain Jalut, na akazichukua ngome za Wapiganaji wa Msalaba huko Sham. Mtu huyo huyo aliacha bustani karibu na msikiti wake, nje ya kuta za Cairo upande wa kaskazini, akaiweka wakfu kwa ajili ya paka wasio na mtu. Mapato ya bustani yawalishe, basi.

Zaidi ya miaka 500 ikapita. Mwingereza Edward William Lane, aliyekaa Cairo na kuchapisha kitabu chake mwaka 1836, akaeleza yaliyobaki. Bustani ilikwisha kuuzwa, ikapita mkono kwa mkono, na kilichokuwa kikilipwa kwa ajili ya paka ni piasta 15 tu kwa mwaka. Nani akawalisha? Kadhi. Yeye ndiye msimamizi wa wakfu, basi karibu gharama yote ikamwangukia. Kila siku wakati wa Alasiri chakula kililetwa katika uwanja wa mahakama, paka wakakusanyika. Na watu wa mji waliowachoka paka wao wakawapeleka huko huko, wakawaachia uani kwa Kadhi.

Umeona, ndugu yangu? Paka waliendelea kuja, lakini mfuko ulikauka. Kila mmoja alijua pa kumpeleka paka, na wachache walijua nani analipa. Hivyo ndivyo wakfu unavyokufa: huruma inabaki midomoni, mali inaliwa polepole, na mzigo unamwangukia mtu mmoja.

Kwa nini Sultani alihangaika na paka? Kwa sababu dini ilimfundisha. Yuko mwanamke aliyeingia motoni kwa paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Hadithi hiyo iko katika Bukhari na Muslim. Yuko Abu Qatada, aliyekiinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe, akamweleza Kabsha, mke wa mwanawe, kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi. Yuko Abu Hurayra, ambaye kuniya yake yenyewe inatokana na kipaka. Ama kile kisa cha kukata mkono wa kanzu kwa ajili ya paka aitwaye Muezza, hakina isnadi. Tusimzulie Mtume wetu, yaliyothibiti yanatutosha.

Atasema mtu: mimi sikumfungia, nimemwachia. Kipaka ambacho hakijafungua macho kitajitafutia nini? Kukitoa kwa mama yake na kukitupa kirobani ni kukifungia kwa njia nyingine.

Jirani zetu Kenya wana chama cha KSPCA, kilichoanza mwaka 1910. Hupokea paka na mbwa waliotupwa, huwatibu, kisha huwatafutia watu wa kuwachukua. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Lakini sheria haibebi maziwa mpaka mlangoni, na makazi ya wanyama hujaa haraka kama uwanja wa Kadhi ulivyojaa.

Basi tufanye haya. Kwanza, paka wako akizaa, subiri vitoto viachishwe ziwa, na umtafute wa kumpa kabla hujafikiria kiroba. Mpe bure, imepokewa katika Muslim katazo la thamani ya paka, na japo wanazuoni wengi wameruhusu kumuuza, kutoa bure ni salama zaidi. Pili, muulize mganga wa mifugo juu ya chanjo ya kichaa cha mbwa, maana paka naye huambukizwa. Tatu, ukimjua mama au kijana anayelisha paka waliotupwa mtaani, usimwongezee paka wa sita. Mpelekee dagaa, au mchangie dawa. Huyo ndiye Kadhi wa mtaa wako, na mfuko wake hauna bustani.

Allah atujaalie huruma yenye mkono, si ya ulimi tu. Amin.