Ufahamu Kuhusu Diski ya Programu Huria kwa Shule za Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Diski ya programu huria za elimu ni mkusanyiko wa programu na maudhui ya kujifunzia ambayo wamiliki wake wameruhusu yanakiliwe, yagawiwe na kutumiwa bila malipo. Mkusanyiko huo huwekwa kwenye CD, DVD au flashi ili shule iutumie pasipo intaneti.

Kwa Mkoa wa Kigoma, nyenzo hiyo ina umuhimu wa pekee. Shule za Kigoma Mjini na Ujiji hufikiwa kwa barabara, lakini vijiji kadhaa vya mwambao, kikiwemo Mwamgongo kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe, hutegemea zaidi boti. Diski yenye kasoro ikishafika huko, mwalimu asiye na intaneti hana namna ya kupata nyingine upesi. Kwa sababu hiyo, ubora wake huamuliwa kabla haijasafirishwa.

Tanzania si ngeni katika jambo hili. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili.

Maandalizi huanza kwa kutambua vifaa vilivyopo shuleni: mfumo endeshi, ukubwa wa kumbukumbu na uwepo wa sehemu ya kusomea diski. CD hubeba takribani MB 700 na DVD ya kawaida GB 4.7. Kompyuta nyingi mpya hazina sehemu ya diski, hivyo flashi hufaa zaidi. Hata hivyo, faili moja linalofikia GB 4 haliingii kwenye flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32.

Hatua inayofuata ni uteuzi. GCompris ina michezo ya kujifunzia kwa watoto wa miaka 2 hadi 10. LibreOffice hutumika kuandika na kufanya hesabu za majedwali. Kiwix huwezesha kusoma Wikipedia, ikiwemo ya Kiswahili, bila intaneti. Na Kolibri huwezesha kompyuta moja kuhudumia vifaa vingine darasani. GCompris na Kiwix zina matoleo ya Android yanayoweza kuwekwa kwenye vishikwambi. Maudhui yote hulinganishwa na mihtasari ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa kuzingatia kuwa shule za msingi za Serikali hufundisha kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza.

Suala la haki hupewa uzito uleule. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda pia programu za kompyuta. Kitabu kinachosomwa bure mtandaoni si lazima kiwe kimeruhusiwa kunakiliwa. Kibali cha mwenye haki huhitajika. Programu yenye leseni ya GNU GPL hugawiwa pamoja na nakala ya leseni yake, na mgawaji hutakiwa kuambatisha msimbo chanzo au kueleza namna utakavyopatikana. Masharti hayo ndiyo yanayompa mwalimu haki ya kunakili diski kwa ajili ya shule jirani bila hofu ya kuvunja sheria.

Kabla ya kunakiliwa kwa wingi, nakala ya kwanza hukaguliwa dhidi ya virusi, na namba ya uhakiki ya kila faili hulinganishwa na iliyotolewa na watengenezaji. Kisha hujaribiwa kwenye kompyuta kongwe kuliko zote zitakazotumika, intaneti ikiwa imezimwa. Programu inayodai kupakua kitu wakati wa kusakinishwa huondolewa.

Diski huambatana na mwongozo mfupi uliochapishwa kwa Kiswahili, unaoeleza usakinishaji, orodha ya yaliyomo, tarehe ya toleo na leseni. Shule hushauriwa kuhifadhi nakala moja isiyotumika kila siku, ili iliyopo darasani ikiharibika, masomo yaendelee bila kusubiri boti.