Chagua! Historia ya nguo za mbio ndefu, kutoka Roma mpaka Kivu

Wiki hii zamu ya historia imeniangukia mimi. Najua wengi wanangoja vita na mipaka kama kawaida. Mimi nitaandika juu ya kulote.

Msicheke kwanza. Wale waliokuwepo siku tulipojaribu mashindano yetu ya vipande vitatu hapa Kamembe wanajua kwa nini. Tuliogelea kando kando ya ziwa na mtumbwi ukitufuata, tukapanda kinga za kuazima, halafu tukakimbia kurudi. Mimi nilivaa tisheti ya pamba, ile ya semina yenye maandishi mgongoni, na jinzi niliyoikata kwa makasi nikaiita kaptula. Kwenye maji jinzi ilikuwa kama mtu ananivuta miguu. Kwenye kinga mshono wake wa katikati ulinikalia pabaya. Na kwenye mbio, basi, mapaja yakachunika, na tisheti ikatokea madoa mawili mekundu kifuani. Watoto walifikiri nimepigwa. Siku tatu nilitembea kama bata. Njo nikaanza kusoma: hawa watu wanaokwenda masaa nane, kumi, kumi na mbili, wao wanavaa nini? Na zamani walivaa nini?

Tuanze na mtu wetu, Abebe Bikila wa Ethiopia. Tarehe 10 Septemba 1960, huko Roma, alishinda maratoni ya Olimpiki kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, miguu mitupu. Picha yake mmeiona. Wengi wanaisimulia kama hadithi ya umaskini: Mwafrika hana viatu, lakini ana roho. Haiko hivyo. Viatu alipata, lakini havikumkaa, vilimbana. Na kwa sababu alikuwa amezoea kufanya mazoezi bila viatu, akaamua kuviacha. Miaka minne baadaye, Tokyo 1964, alivaa viatu vinavyomkaa, akashinda tena, na mara hii haraka zaidi: 2:12:11. Mtu huyuhuyu. Aliuliza miguu yake, akachagua. Mara ya kwanza jibu lilikuwa hapana, mara ya pili likawa ndiyo.

Hilo neno kuchagua lishikeni, tutalirudia.

Mashindano ya kuogelea, kinga na kukimbia yakiwa pamoja hayana umri mkubwa. Yale ambayo watu wengi wanayahesabu kuwa mwanzo yalifanyika San Diego, Marekani, tarehe 25 Septemba 1974. Katika washiriki kulikuwa na mwanajeshi wa majini na mke wake, John na Judy Collins. Wawili hao walihamia Hawaii, na tarehe 18 Februari 1978 wakaanzisha yale marefu kabisa: kilomita 3.8 za maji, 180 za kinga, na maratoni nzima juu yake. Wanaume 15 walianza, 12 walimaliza. Gordon Haller alishika nafasi ya kwanza kwa saa 11 na dakika 46.

Wakati huo nguo ya mashindano hayo haikuwepo dukani. Mtu alichukua ya kuogelea kwa waogeleaji, ya kinga kwa waendesha kinga, ya kukimbia kwa wakimbiaji, akabadilisha njiani. Miaka ya 1980 wengi wakaona kubadilisha kunapoteza dakika, wakaanza kwenda na kichupi cha kuogelea kutoka maji mpaka mwisho. Mnaweza kufikiria kilomita 180 juu ya kiti cha kinga na kichupi? Mimi siwezi.

Waendesha kinga wenyewe walikuwa wamelijua tatizo hilo zamani sana. Mashati yao yalikuwa ya sufu, na ndani ya kaptula walishonewa kipande cha ngozi laini ya mnyama pale mtu anapokalia. Ngozi ikifuliwa inakauka na kuwa ngumu kama kadi, kwa hiyo walikuwa wanaipaka mafuta kabla ya kuvaa. Sasa mnaelewa mafuta yalitoka wapi! Leo kile kipande ni sponji ya kitambaa, lakini desturi ya kupaka imebaki.

Kilichobadilisha kila kitu ni uzi. Mwaka 1958 mtaalamu wa kemia wa kampuni ya DuPont, Joseph Shivers, alitengeneza uzi unaovutika na kurudi, ambao waliuita Lycra. Ulikusudiwa nguo za ndani za wanawake. Baadaye wanamichezo wakagundua kwamba nguo inayoshika mwili haisuguani nao. Siri yote iko hapo. Michubuko haitoki kwenye joto peke yake. Inatoka pale kitambaa kinapotembea juu ya ngozi mara elfu na elfu, hasa kikiwa kimeloa. Jasho likikauka linaacha chumvi, na chumvi inakwaruza kama mchanga. Pamba inakunywa maji na kuyashika, inakuwa nzito, inaanza kuburuta. Poliesta hainywi sana, maji yanapita. Ile tisheti yangu ya semina ilikuwa imekunywa Kivu nzima.

Kuna na ile nguo nyeusi ya mpira ya kuogelea. Ilibuniwa na mtaalamu wa fizikia wa California, Hugh Bradner, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa ajili ya wapiga mbizi wa jeshi. Mwaka 1987 Dan Empfield akaanza kuitengeneza kwa ajili ya watu wa mashindano haya, nyepesi zaidi ya zile za zamani, na inamsaidia mtu kuelea. Nimeulizwa mara mbili na wageni kama tunaihitaji. Wakubwa wangu, hapana. Kwenye mashindano ya Ironman maji yakizidi nyuzi 24.5 anayeivaa hahesabiwi kwenye zawadi, na Kivu juu juu huwa karibu na nyuzi 24. Pesa ya nguo moja ya hiyo inaweza kuvisha kikundi.

Kivu nayo imeingia kwenye historia hii. Agosti 2022, kule Rubavu, kaskazini mwa ziwa letu, yalifanyika mashindano ya kwanza ya Ironman 70.3 nchini Rwanda: kilomita 1.9 za kuogelea, 90 za kinga, 21.1 za kukimbia. Ziwa ni moja, sisi tuko kwenye mkia wake wa kusini. Kwa hiyo tunayo maji, na tunayo barabara ile inayopanda na kushuka kupitia Nyamasheke na Karongi mpaka huko. Tour du Rwanda ikifika huku Rusizi angalieni wale vijana vizuri: wakitoka Nyungwe, kwenye baridi na ukungu, wamefunga vikoti vyepesi. Wakikaribia Kamembe, joto, wamefungua zipu mpaka tumboni. Nguo ya mbio ndefu inapaswa kukubali hali mbili au tatu kwa siku moja. Na jua la huku, mita 1,460 juu ya bahari, linachoma mabega hata kukiwa na mawingu. Mikono ya nguo ni bora kuliko singilendi, hata kama singilendi inaonyesha misuli.

Sasa nirudi kwenye kuchagua. Hapa Rwanda nguo za mitumba zinaitwa caguwa. Hilo ni neno letu la Kiswahili, chagua, limevaa Kinyarwanda. Unainama kwenye lundo, unavuta, unapima mkononi, unarudisha, unavuta nyingine. Kwa kijana asiye na pesa, lundo hilo lilikuwa duka la michezo: jezi ya poliesta ya timu ya Ulaya usiyoijua, kaptula ya kinga ambayo muuzaji mwenyewe hajui ile sponji ni ya nini. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo hizo kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, ili viwanda vya ndani vipate nafasi, na mwaka 2018 Marekani ikajibu kwa kuziondolea nguo za Rwanda msamaha wa kodi kwenye soko lake. Sababu za serikali naziheshimu, na mtu kuvaa nguo mpya ya nchi yake ni heshima pia. Ninasema tu kile kilichotokea kwenye lundo: likawa dogo na ghali.

Na mkimbizi hata kwenye lundo hafiki mara nyingi. Yeye anapewa. Kuna siku tulipewa balo la jezi za michezo, tukapiga makofi, tukafungua: zote saizi moja, kubwa, za pamba. Dada mmoja wa timu alivaa yake ikawa gauni. Aliyetoa alikuwa na roho nzuri, sitamtaja. Hakuuliza tu.

Kule Kakuma, Kenya, jambo hilo linajulikana. Rose Nathike Lokonyen wa Sudani Kusini alikimbia kilomita 10 za majaribio kambini bila viatu na akashika nafasi ya pili. Mwaka 2016 ndiye aliyebeba bendera ya timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki ya Rio. Mwenzake James Nyang Chiengjiek alieleza kwamba mwanzoni waliumia sana kwa sababu ya viatu visivyofaa, tena vya kushirikiana. Picha ya Rose bila viatu na picha ya Bikila bila viatu zinafanana. Bikila alikuwa na viatu akaviacha. Kwa Rose hapakuwa na cha kuacha.

Jambo moja la dada zetu, maana wamenituma. Kitenge kwenye maji kinazunguka miguu, ni hatari, tumeliona wenyewe. Lakini na kichupi hawakitaki, na hawana kosa. Mtu anayeona aibu haogelei vizuri, anashika nguo badala ya kuvuta maji. Tumejaribu legingi ndefu ya kubana na jezi ya poliesta iliyofupishwa na fundi, mikono mpaka kiwiko. Dada mmoja ameogelea nayo, amepanda kinga nayo, amekimbia nayo, na hakuchunika. Hiyo kwangu ni ugunduzi kama wa DuPont.

Fundi amekubali kutupima Jumamosi saa nne, pale kwenye cherehani karibu na bomba. Atapima kifua, kiuno, paja, na urefu wa mguu, mimi nitaandika kwenye daftari. Nyinyi wa mashirika mkitaka kusaidia, ombeni hilo daftari kabla ya kununua. Na atakayeshonewa aivae kwanza mazoezini mara tatu au nne, ikiwa imeloa, kabla ya siku yenyewe. Vazelini ninayo kopo moja. Ile jinzi nimeifanya kitambaa cha kufutia kinga.