Makarani wa Tanga na mwanzo wa sauti ya mfanyakazi

Mwaka 1922 makarani wa Kiafrika waliokuwa serikalini Tanga walikuwa mafungu mawili, na hayakuaminiana sana. Fungu moja lilipita shule ya serikali iliyojengwa na Wajerumani hapo hapo mjini. Wengi wao walikuwa Waislamu, mahodari wa Kiswahili cha ofisini, watu wa shule iliyokuwa ikichapisha gazeti la Kiongozi. Fungu la pili lilikuwa zao la misheni ya Waanglikana wa UMCA, vijana wa Magila na wa Chuo cha Kiungani kule Unguja, ambao walikuwa na kitu kimoja wenzao walichokikosa: Kiingereza. Utawala ulipotoka kwa Wajerumani ukaenda kwa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, lugha ya mafaili nayo ikabadilika. Aliyekuwa mbele jana akajikuta nyuma, na aliyepandishwa akatazamwa kwa jicho la wivu.

Lakini mafungu yote mawili yalikuwa chini ya dari moja. Juu yao walikuwepo makarani wa Kihindi waliolipwa zaidi, na juu ya wote maofisa wa Kizungu. Dari hilo halikumuuliza mtu dini yake wala shule yake.

Martin Kayamba aliliona hilo mapema. Alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, katika ukoo wa Kibondei, akasoma Kiungani, akafanya kazi Kenya na Uganda. Vita vilipozuka Wajerumani walimkamata wakamfunga, kwa kuwa walimhesabu ni mtu wa Waingereza. Baada ya kufunguliwa alikuja kuwa karani Tanga, na mwaka huo wa 1922 akaongoza kuundwa kwa chama cha watumishi wa serikali wa Kiafrika wa Tanganyika, yeye mwenyewe akiwa rais. Waislamu na Wakristo waliingia kwa mlango mmoja. Walikuwa na mahali pa kukutania, magazeti ya kusoma, na mpira wa miguu.

Mpira na magazeti visidharauliwe. Watu ambao mchana wanagombea cheo kimoja wanahitaji mahali pa kuonana bila mkubwa kuwepo, wakae, wasomeane habari, wataniane, kila mmoja asikie namna mwenzake anavyoumia. Karani wa Kiungani hakuweza kujua uchungu wa kuambiwa kwamba elimu uliyoitolea jasho sasa haina kazi, mpaka aketi na aliyeambiwa hivyo. Baada ya hapo ndipo mambo ya mishahara na vyeo yanaweza kuzungumzwa kwa kauli moja. Naamini hili ndilo jambo kubwa walilolifanya Tanga, kubwa kuliko barua yoyote waliyomwandikia mkuu wa serikali.

Chama kilikuwa na kasoro yake, nayo ni nzito. Kilikuwa cha wasomi wenye ajira serikalini. Mpagazi, mpishi, kuli wa bandarini na kibarua wa shamba la mkonge, watu waliokuwa wengi mno kuliko makarani, hawakuwa na kiti humo. Wanawake hawakuwemo kabisa, maana ofisi zenyewe hazikuwaajiri. African Association ilipozaliwa Dar es Salaam mwaka 1929, Cecil Matola akiwa rais na Kleist Sykes katibu, mlango ulipanuliwa kwa Waafrika wasio watumishi wa serikali, na chama cha Tanga kikafifia. Kayamba mwenyewe alipanda. Mwaka 1931 alikwenda London pamoja na Chifu Makwaia na Francis Lwamugira kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kuhusu mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki, na safari hiyo akaiandikia kitabu kwa Kiswahili. Wapo waliomwona mpole kupita kiasi kwa wakoloni. Hata hivyo, hakuna aliyeweza kuuvunja mfano wa kuwaketisha pamoja watu wa dini mbili.

Makuli walijisemea wenyewe. Septemba 1947 waligoma katika bandari ya Dar es Salaam, na mgomo ukapanda na reli ya kati kwenda bara, kituo hadi kituo. Wakaongezewa malipo, na wakapata chama chao, ambacho hakikudumu miaka mingi kabla ya serikali kukizima.

Wakati huohuo ubaguzi wa ofisini ukapewa hesabu. Tume ya mishahara ya Holmes, mwaka 1948, ilipendekeza kwamba Mwafrika mwenye cheo kilekile cha Mzungu alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu huyo. Yaani mezani wamekaa wawili, kazi moja, sifa moja, huyu anapokea shilingi mia na huyu sitini. Kanuni hiyo ilidumu hadi tume ya Lidbury ilipoiondoa miaka michache baadaye. Watumishi wa Kiafrika walikuwa na chama chao, TAGSA, na humo ndimo alimoinukia Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, mwaka 1955. Serikali iliona hatari ya watumishi kuzungumza pamoja. Waraka Namba 5 wa mwaka 1953 uliwakataza kujiunga na siasa, na ukaiacha TAA, ndiyo ile African Association kwa jina jipya, bila watu wengi waliokuwa wakiiandikia na kuipangia kazi.

Ujio wa uhuru ulileta swali lililogeuzwa upande wa pili. Sasa Mwafrika ndiye mwenye nchi. Je, Mhindi au Mzungu aliye raia apewe kazi kwa haki sawa? Oktoba 1961, katika mjadala wa uraia, Nyerere alisema wazi bungeni kwamba serikali yake itajiuzulu kuliko kukubali uraia wa rangi. Januari 1964 akatangaza kwamba katika ajira za serikali raia wote watahesabiwa sawa. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi walimpinga. Kwangu mimi huu ulikuwa ushujaa: kumtetea aliye mchache mbele ya wengi waliokupandisha.

Mwaka huohuo, baada ya maasi ya jeshi, TFL ilivunjwa, kikaundwa chama cha wafanyakazi cha NUTA kilichofungwa kwenye mkono wa serikali. Hapo wafanyakazi walipoteza kitu ambacho makarani wa Tanga walikuwa nacho, mahali pa kukutana bila mkubwa kuwepo. Badala yake walipewa vikao. Sheria ya 1964 ilileta kamati za wafanyakazi, na waraka wa Rais wa mwaka 1970 ukaleta mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Nia ilikuwa njema, lakini uzito wa mabaraza ulikaa upande wa menejimenti, na kazi yake ilikuwa kushauri tu.

Kisha, Februari 1971, chama tawala, TANU, kikatoa Mwongozo. Kifungu cha 15 cha Mwongozo huo kilimkataza kiongozi kuwa na majivuno, ubwana na dharau kwa anaowaongoza. Sidhani kama walioandika maneno hayo walitarajia yangesomwa kiwandani kwa sauti, mbele ya meneja. Kwa zaidi ya miaka miwili wafanyakazi waliweka chini zana, na mara nyingi hoja ya kwanza haikuwa mshahara. Walilalamikia matusi, lugha ya kuwakemea watu wazima kama watoto, meneja asiyeitika salamu. Profesa Issa Shivji aliyachambua mapambano hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 1976. Mwaka 1973, katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, wafanyakazi walimfungia nje mwenye mali, wakaendelea na uzalishaji wenyewe. Lakini subira ya serikali ikaisha, na kwingineko wengi waliogoma walifukuzwa kazi.

Nawaheshimu sana watu hao. Waliipoteza riziki yao kwa kudai waonekane kuwa watu, na walidai kwa kutumia maneno ya chama tawala chenyewe.

Leo mabaraza yapo kwa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mtu kwa jinsia, ujauzito, ulemavu au hali ya VVU. Ile ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia tatu wenye ulemavu. Nenda basi kwenye kikao chenyewe. Mgeni rasmi anafungua, makabrasha yanagawiwa asubuhi hiyohiyo, bajeti inapita, na shida za watu zinasubiri ajenda ya mwisho, "mengineyo", wakati wajumbe wanatazama saa. Mfanyakazi kiziwi ameajiriwa ili asilimia itimie, lakini mkalimani wa lugha ya alama hayupo. Mama anayenyonyesha hana wa kumsemea kuhusu zamu za usiku. Tawi la chama cha wafanyakazi linalokutana lenyewe siku kadhaa kabla, likawasikiliza hawa kwanza na kuziandika hoja zao, huingia barazani na karatasi mkononi, na menejimenti hulazimika kujibu hoja moja baada ya nyingine.